Pikapu Iliyogoma Mlimani

Mimi ni mkulima wa vitunguu saumu huku Mbulu. Nina pikapu kuukuu. Gia zake hujibadili zenyewe, haina klachi.

Siku moja nilitoka Dareda na mzigo wa mbolea. Je, unakijua kile kilima cha kupandia Dongobesh? Katikati yake injini ilinguruma sana, lakini gari halikwenda. Tulilipakia juu ya lori, maana gari la namna hii halifai kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu.

Fundi akasema, "Mzee, giaboksi imekufa. Nunua nyingine." Nikaanza kuchagua ng'ombe wa kuuza.

Mke wangu akauliza, "Baba watoto, mafuta yake mmeyapima?"

Hatukuyapima! Kwa gari langu hupimwa hivi. Weka gari mahali tambarare. Injini iwe imepata moto, wala usiizime. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, kisha rudisha kwenye P. Chomoa kijiti, kifute, kitumbukize, ukisome. Mafuta mazuri ni mekundu. Yakiwa meusi na kunuka moshi, ndani kumeungua. Yakipauka kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia.

Yangu yalikuwa mekundu, lakini machache mno. Mlimani yalikimbilia nyuma, pampu ikavuta hewa. Tukalala chini ya gari na tochi. Mpira unaopeleka mafuta kwenye rejeta ulikuwa umepasuka.

Tulibadili mpira, tukaongeza mafuta ya aina ile ile. Juma lililofuata nilikipanda kilima kile na mzigo. Ng'ombe wangu wako zizini, na mmoja amezaa.