Santuri za mjomba na kosa la jedwali langu

Leo nina habari za programu niliyoiandika vibaya, na iliyonigharimu.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani River Road, Nairobi, miaka ya 1970. Wakati huo mtaa ule na mitaa jirani ilikuwa na maduka mengi ya santuri, spika zikiwa mlangoni na benga ikisikika hadi barabarani. Baadhi ya wenye maduka ndio waliorekodi wanamuziki. Melodica ya Tom Mboya Street ilitoa santuri zake yenyewe. Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, aliimba na pia alikuwa na duka lake la muziki. Kisha zikaja kanda, zikanakiliwa ovyo na kuuzwa kwa bei ya chini, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine.

Mwaka jana niliamua kuyahifadhi. Mjomba ana sanduku la santuri za 45, na baadhi ya mifuko yake ya karatasi ina mhuri wa duka. Nikaketi naye na tarakilishi. Jedwali langu lilitaka jina la duka, mtaa, mwaka lilipofunguliwa na mwaka lilipofungwa. Si unajua sisi tuliosomea kompyuta tunavyopenda unadhifu? Nikaweka sharti kwamba kila nafasi lazima ijazwe.

Nikimuuliza mwaka, ananijibu: "Hilo lilitazamana na muuza viatu. Mwenyewe alikuacha usikilize pande zote mbili hata kama huna pesa."

Programu inakataa kuhifadhi. Hakuna mwaka. Nami namwambia, "Tutalirudia, mjomba." Maduka sita yalipita hivyo.

Mwezi wa Agosti alipatwa na kiharusi. Anatusikia, anacheka, lakini maneno hayaji. Ya yale sita nimebaki na hilo la muuza viatu tu, tena bila jina.

Sharti nimeliondoa. Sasa nafasi ya lazima ni moja tu: "alisema nini". Mwaka unaweza kutafutwa baadaye kwa nambari zilizo kwenye lebo. Muuzaji aliyekuacha usikilize bure hayumo kwenye lebo yoyote.

Kama kwenu kuna sanduku kama hilo, piga picha lebo za pande zote mbili, na mfuko pia. Kisha mwache mzee aseme, nawe uandike vile vile anavyosema.

Haya, tuonane wiki ijayo.