Kabambe yako inatosha kutunza meno

Tuelewane mapema. Kutunza meno huhitaji programu ya kulipia, wala ule mswaki wa umeme unaoongea na simu kwa Bluetooth. Kama simu yako ina kengele, kalenda na tochi, tayari una vifaa zaidi ya vile watu wengi wanavyotumia. Hata kabambe, ile mulika mwizi yenye vitufe, inafanya nusu ya kazi.

Nasema hivi na mimi nakula kwa simu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, nikaingia kwa video hapa Ukunda na Diani, na kwenye video uso ndio duka. Kwa hiyo wauza weupe wa meno wananijua. Mara tatu wameniingilia inboksi: mmoja na unga wa mkaa, mwingine na matone ya kung'arisha kwa siku saba, wa tatu na kitu ambacho hata yeye hakuweza kuniambia kina nini ndani. Wanalipa vizuri, wallahi, kuliko hoteli ikikuita upige machweo. Nimekataa wote, na kodi ya nyumba inajua nimekataa.

Sababu ni rahisi. Mkaa unasugua. Ukisugua kila siku unakwangua lile ganda gumu la juu la jino, na ganda hilo likiisha halioti tena. Ndimu ambayo watu wanajipaka kwenye klipu ni asidi, inalainisha ganda hilohilo. Halafu chini ya ganda kuna sehemu ambayo kwa asili yake ni ya manjano, kwa hiyo mtu anakwangua akitafuta weupe na kumbe anafukua umanjano. Filta zimetufanya tuone jino la kawaida kama ugonjwa.

Shida yetu huku si rangi. Ni kwamba jino tunalikumbuka likiuma. Likianza, unaweka karafuu. Na karafuu si uongo wa wazee, mafuta yake yanatia ganzi kweli na madaktari wa meno wenyewe wameyatumia miaka na miaka. Ila inanyamazisha tu, tundu linaendelea na safari yake. Baada ya karafuu ni maji ya chumvi, baada ya chumvi ni vidonge vya kaunta, na mwisho ni kung'oa. Mama yangu anauza mahamri na hana magego matatu. Si kwamba alikuwa mchafu, mama anapiga mswaki kuliko mimi. Kila mara jino lilichagua kuuma wiki ya karo ya mtu, na kuziba mara nyingi ni ghali kuliko kung'oa. Hesabu ilikuwa inamfanyia uamuzi.

Na sukari. Hapa tunadanganyana kwamba ni mambo ya watoto na mabuyu. Nenda steji yoyote ya bodaboda jioni uone: muguka shavuni, bigijii ya kuutia utamu, soda pembeni ya kusukumia, saa nne au tano mfululizo. Kinachoumiza zaidi ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni, kuliko wingi wake. Kila ikiingia, vijidudu vinatengeneza asidi, na mate yanahitaji kama nusu saa hivi kurudisha mambo sawa. Mtu wa soda moja na chakula cha mchana anaupa mdomo nafasi. Mtu wa kunyonya kidogokidogo kutoka saa kumi hadi saa tatu usiku hajaupa hata dakika. Kaka yangu mwendesha boda nilimwambia hivi, akasema sawa, na akaendelea. Lakini sasa chupa ya pili ni ya maji. Nachukua hiyo.

Haya, simu. Kwanza kengele, na siri ni kuibandika kwenye kitu ambacho tayari unafanya. Nyumbani kwetu programu ya adhana inalia mara tano kwa siku, na kupiga mswaki kabla ya swala ni suna ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Sisi tumechukua mbili: alfajiri, na ya usiku baada ya Isha chakula kikiisha. Ramadhani ya usiku inahamia baada ya daku, kwa sababu ukila halua na kaimati ukalala hivyo umewaandalia vijidudu karamu ya siku nzima, na mdomo wa mfungaji umekauka mate. Kama wewe si mtu wa swala, bandika kwenye taarifa ya habari ya usiku. Bora iwe kitu kisichokosa.

Pili, saa ya kuhesabu. Dakika mbili. Jaribu leo uone zilivyo ndefu, utadhani simu imeharibika. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ile floraidi ya dawa ya meno inafaa ibaki kwenye meno ifanye kazi. Na mswaki wa mti haujapitwa na wakati, Shirika la Afya Duniani liliukubali tangu 1986. Ila nao unahitaji muda na mpangilio, si kuuguguna ukiangalia mpira.

Tatu, kalenda. Mswaki unabadilishwa kila miezi mitatu, au mapema nywele zikishalala. Nimeweka Januari, Aprili, Julai na Oktoba, tarehe moja, inajirudia yenyewe. Mama alicheka, akasema mswaki wa mtu hauna siku ya kuzaliwa. Oktoba akaniuliza wake uko wapi.

Nne, hela, na hii ndiyo ninayoipenda. M-Pesa ilikuja 2007, mimi sijajua kusoma, na tumeshajifunza kuifanyia kila kitu isipokuwa kujiwekea. Nyumbani tuna chama kidogo cha watu wanne, shilingi hamsini kila Ijumaa kwa kila mtu, inaenda kwenye akiba iliyofungwa ambayo huwezi kuitoa usiku ukiona viatu. Fanya hesabu: ni mia mbili kwa wiki, zaidi ya elfu kumi kwa mwaka. Jino la kwanza kuzibwa nyumbani kwetu badala ya kung'olewa limezibwa na pesa hiyo. Ni la mama, gego la chini kushoto, na safari hii hesabu haikumfanyia uamuzi.

Siku hiyo pia alienda na karatasi. Kwenye simu yangu nilikuwa nimemwandikia lini lilianza kuuma, linauma kwa baridi au kwa moto, na majina ya dawa zake za presha. Daktari akiuliza unatumia dawa gani, mama hujibu "zile nyeupe", sasa zimeandikwa.

Wanaodhani haya ni mambo ya vijana wasiokuwa na kazi, Senegal walishaanza 2014 kuwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi wakati wa Ramadhani, SMS za kawaida tu. Ni sehemu ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na 2021 wakatoa mwongozo mzima wa kutumia simu kwa afya ya kinywa. Ukiusoma utaona hawazungumzii roboti. Wanazungumzia ujumbe wa kukumbusha.

La mwisho ni kamera, na hapa ndipo inabidi tuwe waangalifu. Mara moja kwa mwezi, kando ya dirisha, kijiko safi kinavuta shavu, tochi inawaka, picha tano: mbele, magego ya pande zote, na chini ya ulimi. Pembe zilezile kila mwezi. Picha moja haikuambii kitu, mbili zikiwa pamoja zinaongea. Doa ambalo halikuwepo, fizi iliyovimba, kidonda. Lakini kamera haioni katikati ya meno wala ndani ya mzizi. Usitume picha kwenye grupu la familia la watu sitini uulize "hii ni nini", utarudishiwa majibu sitini na kumi kati yake ni maombi. Na shavu likivimba ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa kazi, weka simu mfukoni uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Bibi yangu yuko Msambweni na simu yake ni kabambe. Anakula tambuu tangu kabla mama hajazaliwa: jani, popoo, chokaa, na ugoro kidogo siku za harusi. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Nilimwambia. Akanijibu, "Mwanangu, mimi na tambuu tumezikana mengi."

Kwa hiyo sikubishana. Nilimwomba tu picha, kila ninapomtembelea. Mwezi wa pili nikaona ndani ya shavu la kulia, pale anapoliweka tambuu, alama nyeupe ambayo mwezi wa kwanza ilikuwa ndogo zaidi. Haikuwa inauma. Kama ingekuwa inauma angeshaweka karafuu. Kidonda au doa la mdomoni likipita wiki mbili bila kuondoka linahitaji macho ya daktari, hiyo ndiyo sheria, na sisi tulikuwa na picha zenye tarehe. Tukaenda hospitali ya rufaa pale Msambweni, nikamwonyesha daktari zote mbili. Kikakatwa kipande kidogo, tukasubiri majibu. Siku hizo sikuposti chochote.

Si saratani. Bado. Daktari alitumia neno hilo, bado, na bibi alilisikia vizuri kuliko mimi. Anatakiwa aache popoo na arudi kila miezi mitatu. Tarehe ziko kwenye kalenda yangu, na kwenye kabambe yake nimeweka kengele inayolia asubuhi ya siku ya kliniki.

Watu wananiuliza mbona sijatengeneza video ya bibi, ingeenda mbali. Ingeenda. Alinipa mdomo wake kwa sharti moja, picha zisitoke kwenye simu isipokuwa kwa daktari. Wiki iliyopita alinipigia yeye mwenyewe: popoo amepunguza mpaka moja kwa siku, ya baada ya chakula cha mchana, na nikija Ijumaa nije na kijiko.