Moto Kichaa

Kiswahili kimeupa jina kali moto unaomponyoka mwenyewe na kushika pori: moto kichaa. Jina ni zuri, lakini limetupumbaza kidogo. Kichaa huzuka bila taarifa, ilhali moto wa huku kwetu Chidya huja kila mwaka, miezi ile ile, na mara nyingi kwa njia zile zile. Mgeni anayejulikana siku zake akikukuta hujafagia uwanja, usimlaumu yeye.

Ndugu msomaji ambaye hukuzaliwa upande huu wa Masasi na Newala, nikueleze kidogo hali yetu. Mvua zikishakatika mwezi wa Tano, nyasi zilizomfika mtu kifuani huanza kugeuka rangi. Ifikapo mwezi wa Nane zimekauka kabisa, miti ya miombo imepukutisha majani, na upepo wa kusi unavuma mchana kutwa. Ukisimama Newala usiku, pale Shimo la Mungu ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla, ukatazama bonde la Ruvuma, utaona mistari myekundu ikitambaa gizani kama mji wenye taa. Wageni husema ni mandhari ya kupendeza. Mwenye mikorosho haoni cha kupendeza.

Wanaowasha moto huo si majini. Ni mkulima anayesafisha shamba jipya, mrina asali aliyetupa mwenge wake, mchoma mkaa, na vijana wanaowinda panya. Hapa watu wa mikoa mingine hucheka. Waache wacheke. Panya wa porini ni kitoweo chetu cha siku nyingi, nami nimekila tangu utotoni na sijapata kukitubia. Kijana huwasha nyasi upande mmoja, wenzake wakangoja upande wa pili na fimbo. Wakishapata kitoweo chao hurudi nyumbani, na moto nao huendelea na safari zake.

Safari hizo huishia kwenye korosho. Mkorosho hutoa maua kuanzia mwezi wa Sita au wa Saba, na korosho huanguka kuanzia mwezi wa Tisa, yaani mali yetu yote huwa juu ya mti au chini yake wakati ule ule ambao pori ni kavu kama karatasi. Majani makavu ya mkorosho hushika moto upesi, na ganda la korosho lenyewe lina mafuta yanayowaka kwa ukali. Shamba lililopaliliwa likabaki udongo mtupu chini ya miti huweza kupona. Shamba lenye magugu haliponi.

Wazee wa rika langu hatuhitaji kuhadithiwa jambo hilo. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, watu wengi wa mkoa wa Mtwara walijikuta wakikaa mbali na mikorosho yao. Shamba lililo mbali halipaliliwi. Magugu yaliota, na moto ukaingia. Nchi iliyovuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 haikufikisha tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga, wala sitaki kuutwisha moto mzigo wote. Lakini nilikuwa mwalimu kijana miaka ile, na niliona kwa macho yangu mashamba yaliyogeuka visiki.

Miaka michache iliyopita mama mmoja jirani yangu, mjane, alipoteza mikorosho 27 katika alasiri moja. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa ikisomesha wajukuu wake. Moto ulianzia bondeni, na walioona moshi walidhani mwenyewe yupo. Aliyeuwasha alikimbia.

Baadaye kijana mmoja alinijia jioni, nami nilikuwa nimekwisha sikia minong'ono.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema ni yeye. Nikamwuliza kwa nini hakupiga yowe moto ulipomshinda, maana shambani hakosekani mtu wa kusaidia. Akajibu, “Mwalimu, ningepiga yowe ningekuwa nimejishitaki mwenyewe.”

Jibu hilo lilinikosesha usingizi kuliko hasara yenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mtu awe na kibali kabla ya kuchoma pori, na ni haki. Lakini kijijini watu wamejifunza sehemu moja tu ya sheria hiyo, nayo ni adhabu. Hivyo mtu pekee anayejua moto umeanza wapi na saa ngapi ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kunyamaza.

Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji bila kumtaja kijana. Nilipendekeza kwamba atakayepiga yowe mapema na kubaki kuzima asitozwe faini ya kijiji. Alipe kilichoungua, basi. Mzee mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, unataka kuwafundisha watoto kuchoma halafu wapige kelele?” Watu walicheka, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mtendaji naye alitukumbusha kwamba kijiji hakiwezi kufuta sheria ya nchi. Tulibishana hadi jua likazama. Mwishowe faini ya kijiji iliachwa kwa mpiga yowe, na yaliyo ya serikali yakabaki ya serikali.

Mengine yalikuwa mepesi zaidi. Hakuna aliyezungumzia maji, kwani katika uwanda ambao akina mama wameteremka makorongo kwa vizazi vingi kutafuta ndoo moja, hakuna atakayeimwaga ndoo hiyo motoni. Sisi tunazima kwa matawi mabichi, mchanga na majembe. Niliwaeleza vijana habari za mteremko: moto unaopanda hukausha kwanza nyasi zilizo juu yake, na wataalamu hukadiria kuwa mwinuko wa nyuzi 10 huweza kuuongezea mwendo maradufu. Kwa hiyo usisimame juu ya moto unaopanda, hata ukiwa shujaa namna gani.

Tukakubaliana pia kuchoma mapema, mwezi wa Sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, jioni, kipande kwa kipande, kwa kibali, ili moto wa mwezi wa Tisa ukute pameshaungua. Vijiji vyenye misitu huko Kilwa vimewahi kuitumia njia hii.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kizungu. Mwaka 2018 mji wa Paradise huko California, wenye magari na simu, uliteketea na watu 85 wakafa, wengine wakiwa barabarani wakikimbia. Oktoba 2020 Kilimanjaro yetu iliungua eneo la kilometa za mraba zipatazo 95, na mamia ya watu, wanafunzi wakiwemo, walipanda kuuzima. Kwetu moto hauui watu wengi hivyo. Huua miti, na mwenye mti hubaki hai akihesabu miaka hadi mche mwingine uzae.

Yule kijana amempandia mama miche 30, naye huipalilia mwenyewe. Kati yao bado hawazungumzi sana. Rimu ya gari tumeitundika kwenye mwembe karibu na njia panda iwe kengele, na ubishi uliobaki ni nani atunze chuma cha kuigongea, kwa sababu kile cha kwanza kiliibwa kabla ya mwezi kwisha.