Chura Aendaye Ukweni



Mwaka jana nilimwandika bibi mmoja wa hapa Maparoni katika kitabu cha marehemu. Jina, umri, siku ya mazishi: mstari mmoja tu. Nilipofunga kitabu nikakumbuka usiku wa utoto wetu juu ya dungu, tukilinda mpunga usiliwe na nguruwe, naye akitutolea hadithi hata tukasahau mbu. Nimesoma chuo cha ualimu, nashika kalamu kila siku, wala sikuandika hadithi yake hata moja. Kosa ni langu. Leo mwanangu awajua wanyama wote wa katuni za Marekani, lakini Sungura wetu hamjui.

Basi, sikilizeni habari za Jean-Michel Kibushi wa Kongo, mmoja wa waanzilishi wa sinema za katuni nchini mwake. Alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, katika nchi ya Watetela. Zamani, katika miaka ya 1950, mmisionari Padre Alexandre Van den Heuvel alikuwa ametengeneza huko Kongo katuni za Mboloko, paa mdogo mwerevu. Kibushi alisoma sanaa Kinshasa, kisha mwaka 1988 akaanzisha Studio Malembe Maa. Kwa Kilingala, malembe ni polepole. Na kweli kazi hiyo ni ya subira: husogeza mkono wa kikaragosi kidogo, hupiga picha, husogeza tena. Dakika moja ya sinema hupitisha picha 1,440.

Mwaka 1991 alitoa sinema ya chura aliyekwenda ukweni, hadithi ya Watetela wenyewe. Mwaka uleule mji wa Kinshasa uliporwa, naye mwaka 1992 akaitolea habari hiyo sinema. Mwaka 2004 akatoa sinema ya vikaragosi, Prince Loseno. Hivyo chura wa wazee akapata kuonwa hata Ulaya.

Sisi hatuna kamera za sinema, lakini daftari tunazo. Jumapili iliyopita nilimchukua mwanangu tukaenda kwa mzee mmoja azijuaye hadithi za bibi yule. Akacheka, akaniuliza, “Karani, umekuja kuniandika nami sijafa?”

Nikamjibu, “Ndiyo, babu. Safari hii nimewahi.”

Tumekwisha kuandika tatu. Nawe msomaji, nyumbani kwako yuko nani wa kuulizwa usiku huu?