Malindi: Ulimi Peke Yake Hautoshi

Ukifika Malindi usikose kuizuru nguzo ya Vasco da Gama, ile yenye msalaba, iliyo juu ya mwamba ufukweni. Simama hapo, utazame bahari, ufikirie jambo moja.

Wareno hao walitia nanga hapa Aprili 1498. Mkalimani walikuwa naye: Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Kwa ulimi wake walisalimiana na mfalme wa Malindi wakapatana. Lakini kujua Kiarabu si kujua bahari. Walihitaji rubani mjuzi wa nyota na pepo. Alipochelewa kuletwa, walimzuia chomboni mtu wa mfalme hadi wakampata. Waliondoka Aprili 24 na pepo za kusi, na Mei wakaiona India.

Leo mjini humo utawasikia vijana wakizungumza Kiitaliano na watalii bila kusita. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, siku mgeni wako akilazwa hospitali, au akitaka kutia saini hati ya ardhi, mtafutie mkalimani anayejua pia tiba au sheria. Neno moja likikosewa huko, huenda likagharimu uhai au mali.