Siku ya Ndoana Bukima

Wako ndugu waliotuuliza ni mchezo gani uwafaao watu wazima wenye nyumba na kazi, kwani mpira ni wa vijana, na bao huweza kumkalisha mtu chini ya mwembe tangu adhuhuri hata magharibi, na shamba lake likamea majani. Hatuna jibu la kuwatosha wote. Walakini sisi wa Bukima, huku Majita upande wa Musoma, tunao mchezo wetu, nao ni kuvua kwa ndoana. Na leo tumeona vema kuwasimulia habari za siku moja ya mchezo huo, ingawa sehemu yake moja ni ya aibu kwetu tunaoandika.

Chama chetu ni cha watu wanane. Wawili ni walimu wa shule ya msingi, mmoja ni seremala, mmoja ana duka, watatu ni wavuvi na wakulima, na wa nane ni sisi, mwalimu wa dini. Si wote wa kanisa moja. Mmoja wa wale walimu wa shule ni Msabato, na mtaona baadaye jinsi jambo hilo lilivyotuletea maneno mengi. Kila mwaka siku ya Nane Nane, wakati wakulima wa nchi yetu wanapoadhimisha sikukuu yao, sisi hushuka ziwani kabla ya jua, kila mtu na mshipi wake, na jogoo mmoja amefungwa miguu kuwa zawadi ya mshindi.

Tulisoma zamani kidogo kwamba huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya viko vyama vya namna hii, na samaki wanayemtafuta huitwa kapu. Mtu humngoja kutwa nzima, pengine na usiku; akimpata humpima uzito, humpiga picha, kisha humrudisha majini akiwa hai. Tulipowasomea wenzetu habari hiyo, mwenye duka alicheka hata akashika mbavu, kwanza kwa sababu kapu kwetu ni chombo cha kuchukulia muhogo, na pili kwa sababu hakuelewa jinsi mtu atakavyorudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba kitoweo amekikumbatia na kukiaga. Lakini kapu huyo si mgeni kabisa. Kuyu na ningu wa ziwa letu ni wa ukoo wake. Kuyu ana magamba mapana na ndevu fupi kinywani, naye akishika ndoana hukimbia kama ndama aliyekata kamba. Ningu ni mpole zaidi. Wakati wa mvua huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga, na baba zetu walimngoja huko kwa migono. Siku hizi ningu amepungua sana, hata watoto wetu wengine hawalijui jina lake.

Sheria za mchezo ni chache. Watu wawili wawili hukaa juu ya jiwe moja, na mawe hugawanywa kwa kura. Kila mtu ana mshipi mmoja na ndoana moja. Chambo ni minyoo au tonge la ugali. Mwisho ni saa sita mchana, kabla upepo wa ziwani haujaanza kupiga mawimbi juu ya miamba. Tena kila jiwe hupewa kijiti kilichokatwa alama ya sentimita 25, kwa kuwa sheria ya nchi inasema sato aliye chini ya urefu huo asivuliwe. Basi asiyefika kwenye alama hurudishwa majini, na hakuna msimamizi. Kila jiwe hujisimamia.

Mwaka huo tuliandika namba katika vikaratasi, tukavitia ndani ya kofia ya seremala. Sisi tulitoa namba 3. Akaingiza mkono mtu mwingine, akatoa namba 3 naye, tukaona kwamba ni yule rafiki yetu ambaye kwa miaka kadhaa tulikuwa tukimkwepa.

Hapa inatupasa kurudi nyuma. Rafiki huyu tulichunga naye ng'ombe tukiwa watoto, tukajifunza naye kuogelea tukishika shina moja la mgomba. Sisi tulipelekwa shule. Yeye alichukuliwa mtumbwini na baba yake. Alikuwa mvuvi hodari, lakini mambo yalipokuwa magumu alikopa fedha akanunua kokoro. Wasomaji wa mbali na ziwa huenda hawajui kokoro ni nini. Ni wavu mrefu wa kuvutwa hata pwani, na matundu yake ni madogo. Huzoa wakubwa na wadogo, huvuruga mahali sato anapotaga na kulelea watoto wake. Umekatazwa na sheria, na sisi twaona umekatazwa kwa haki.

Maana ziwa hili limekwisha kuonja hasara ya nyavu. Ni ziwa kubwa, kilometa za mraba zipatazo 68,800, na mtu akisimama juu ya mlima wa Majita aweza kudhani halina mwisho. Lakini samaki wana mwisho. Nyavu za kutega za kigeni ziliingia upande wa Kavirondo mwaka 1905, na ngege, samaki mtamu wa wazee wetu, akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa akilichunguza, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakaletwa sangara na sato, na miaka ya 1980 sangara akaenea kila mahali, akawala furu wa namna nyingi mno, hata namna nyingine zikatoweka kabisa. Sato tunayejivunia leo mezani ni mgeni aliyepokewa. Haya yote tuliyajua, na kwa ajili hiyo, wakati wenzetu wa mwaloni walipotuchagua kuwa katibu wa kikundi cha kulinda samaki, tulikubali kwa moyo mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 ukafanyika msako mkubwa wa uvuvi haramu katika ziwa lote. Katibu alitakiwa kuandika majina ya wenye kokoro. Tulikaa na taa usiku, tukaandika majina manne, na la tatu lilikuwa la rafiki yetu. Kokoro lake lilichukuliwa likachomwa moto. Deni lilibaki. Binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alikaa nyumbani karibu mwaka mzima kwa kukosa nauli na matumizi. Nasi wakati huo wote tulikutana naye njiani, tukamsalimu, tukamwuliza habari za nyumbani kana kwamba hatuzijui. Hatujutii sheria. Jambo lililotukosesha usingizi ni hili, kwamba toka nyumba yetu mpaka yake ni mwendo wa kumaliza kuimba wimbo mmoja, na hatukwenda kwanza kumwambia, "Ndugu, utoe wavu huu, kwani nimetakiwa kuandika." Tuliogopa uso wake, tukaona karatasi ni nyepesi zaidi.

Basi tukapanda juu ya jiwe namba 3. Ni jiwe pana lenye mgongo wa kiboko, na chini yake maji ni meusi kwa kina. Mnandi alikuwa amekaa juu ya jiwe la jirani akianika mabawa yake. Rafiki yetu akatafuna tonge la ugali, akalichanganya na minyoo iliyopondwa, akatugawia nusu bila kuombwa. Tukatupa mishipi. Kwa muda wa saa nzima hatukusema neno ila la samaki. Yeye alipata sato wawili wazuri. Sisi tulipata furu mmoja wa kutia kiganjani, tukamwachia.

Halafu mshipi wake ukavutwa tena, naye akatoa sato wa tatu, mnene, mwenye mkia mwekundu. Akamlaza juu ya kijiti. Pua ya samaki ilikuwa mwanzo wa kijiti, na ncha ya mkia ilikomea nyuma ya alama kidogo tu, kama upana wa ukucha. Mtu angaliweza kuuvuta mkia ule kwa vidole, nao ungalifika. Sisi tulikuwa tumempa mgongo, tukishughulika na chambo, naye hakujua kwamba tunamtazama kwa pembe ya jicho. Akampima mara ya pili. Kisha akapiga magoti penye ukingo, akamtia majini kwa mikono miwili, akamwacha. Hakusema kitu. Akafuta mikono katika suruali yake, akachukua tonge jingine.

Tungaliweza kuvumilia kama angalimficha samaki yule kapuni. Huenda tungalifurahi, maana tungalipata udhuru. Lakini tulipoona vile, mikono yetu ikalegea, tukaweka mshipi chini ya jiwe dogo ili usiende, tukamwambia. Tulimwambia kwamba jina lake tuliliandika sisi, kwa mkono wetu wenyewe, na kwamba hatukuja kumwonya, na kwamba kwa miaka yote hii tumekula kwake katika misiba na arusi tukiwa tumelificha neno hilo.

Akaendelea kutazama maji. Tulidhani hakusikia, kwa kuwa wimbi lilikuwa likipiga. Hata mwisho akasema, "Mwalimu, karatasi ile waliisoma mbele yangu, nikaiona. Nani kijijini hapa ameniandikia barua tangu nilipooa? Barua za mahari, za shule, za shauri la shamba, zote ni mkono wako. Mwandiko wako naujua kama nijuavyo mwendo wa ng'ombe wangu."

Tukamwuliza kwa nini basi hakutuambia kitu.

"Nilikuwa nikikungoja uje," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikungoja kwa hasira. Baadaye nikakungoja tu. Mama watoto alisema hutakuja."

Hatukuweza kujibu. Naye hakutuambia kwamba ametusamehe, wala hatukumwomba aseme, kwani tuliona kuwa kumwomba neno hilo palepale ni kumwekea mkononi mzigo mwingine. Akaongeza kitu kimoja tu, kwamba lililomwuma si kokoro, maana alijua siku moja litachomwa. Lililomwuma ni kwamba binti yake alipokuwa nyumbani, sisi tulipita mbele ya mlango tukamwuliza mtoto mbona hayuko shule. Jambo hilo tulikuwa tumelisahau kabisa. Yeye hakulisahau.

Wakati huohuo mshipi wetu tulioulaza ukaruka, lile jiwe dogo likatumbukia majini, na nailoni ikaanza kwenda mbio. Rafiki yetu akaudaka kabla yetu. Alikuwa kuyu. Alikwenda chini ya mwamba, akatoka, akaelekea kwenye mafunjo, nasi tulishikana mshipi mmoja watu wawili wenye mvi tukipiga kelele kama wavulana, huyu akisema "legeza!" na huyu "vuta!" Mkono wetu wa kuume ukakatwa na nailoni, na alama ingaliko. Tulipompandisha juu ya jiwe tulikaa chini wote wawili, hatuna pumzi.

Saa sita seremala akapiga debe, tukakusanyika chini ya mkuyu penye mizani ya mkono. Ndipo yalipozuka maneno. Yule mwalimu Msabato alikuwa amepata kambare mkubwa ajabu, mzito kuliko samaki wote wa siku ile. Sasa ndugu zetu Wasabato hawali kambare, kwa kuwa hana magamba. Mwenye duka akasema kwamba mtu hawezi kushinda kwa samaki ambaye yeye mwenyewe amemkataa; ni sawa na kushuhudia barazani kwa niaba ya mtu usiyemwamini. Mwalimu akajibu kwamba mizani si tumbo. Mabishano yakachukua muda mrefu kuliko kupika. Mwisho tukapiga kura, kambare akahesabiwa, mwalimu akapewa jogoo, na kambare mwenyewe akaenda nyumbani kwa mwenye duka, ambaye hakuonekana tena kuwa na neno lolote juu ya haki yake. Kuyu wetu alikuwa wa pili. Alitoa kilo mbili na robo, na kwa kuwa ndoana ilikuwa yetu na mkono wa kwanza ulikuwa wa rafiki yetu, tulimkata katikati. Yeye akachagua upande wa kichwa.

Jioni tulirudi pamoja kwa njia ya juu, ile inayopita katikati ya mashamba ya muhogo. Tulipofika penye njia panda, rafiki yetu akasimama, akahamisha samaki toka mkono huu hata huu.

"Mwalimu," akasema, "nataka kuomba leseni ya kuvulia dagaa, kwa wavu ulio halali. Kesho una nafasi ya kuniandikia barua?"

Tukamwambia kwamba tutafika asubuhi, tukiisha kufungua darasa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda hatua chache, kisha akageuka, akatuambia tusisahau kuchukua karatasi yenye mistari, kwa maana katika ile ya mwaka 2018 maneno yetu yalikuwa yamepanda mlima.