Mwendo wa Januari

Malindi, Jumamosi 3 Januari 2026

Leo usiku, saa mbili na robo hivi, dunia imelikaribia jua kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka: kilomita milioni 147. Julai tutakuwa milioni 152. Majira hayaletwi na umbali huo, maana Ulaya sasa hivi wanatetemeka kwa baridi huku sisi kaskazi ikituunguza. Kinachobadilika waziwazi ni mwendo. Leo tunakwenda kilomita 30.3 kwa sekunde. Julai tutapungua hadi 29.3. Kepler aliitambua tabia hii kwa kuifuatilia Mirihi, akaichapisha mwaka 1609.

Jumapili 4 Januari

Utaridi kilomita 47 kwa sekunde, Zuhura 35, sisi 30, Mirihi 24, Mshtarii 13, Zohali karibu 10, Neptuni 5 na kidogo. Kadiri sayari ilivyo mbali na jua ndivyo inavyokwenda taratibu, na hakuna hata moja inayokaidi. Ukubwa hauna kauli hapa. Mshtarii ina uzito wa dunia zaidi ya 300, lakini kijiwe kikiwekwa kwenye njia yake kitakwenda mwendo uleule. Kila nikilifikiria jambo hili moyo hunisisimka. Neptuni iligunduliwa 1846, na mzunguko wake wa kwanza tangu hapo ikaukamilisha 2011!

Jumatano 7 Januari

Kujizungusha kwenye mhimili ni habari nyingine kabisa. Huko umbali hautoshi kueleza, kila sayari ina historia yake. Mshtarii, kubwa kuliko zote, humaliza siku yake kwa muda usiofika saa 10, kwa kasi inayoifanya itune kiunoni na kubonyea kwenye ncha. Zuhura huchukua siku 243 kujizungusha mara moja, tena kinyume, ilhali mwaka wake ni siku 225. Anayesimama kule angeliona jua likichomoza magharibi. Utaridi nayo ilidhaniwa kuwa imeligeuzia jua uso mmoja daima, mpaka mwaka 1965 rada ya Arecibo, Puerto Rico, ilipoonyesha kuwa hujizungusha kwa siku 59 hivi: mara tatu katika kila miaka yake miwili.

Na sisi tunapunguzwa kasi. Mwezi unavuta bahari, maji yanajaa na kupwa, na msuguano wake unairefusha siku kwa takriban milisekunde mbili kila karne. Bamvua ninayoitazama hapa pwani imo katika kazi hiyo.

Ijumaa 9 Januari

Waitalia hawakuichagua Ngomeni, hapa pwani, kuwa mahali pa kurushia roketi kwa sababu ya uzuri wa ufuo. Karibu na ikweta ardhi yenyewe inakimbilia mashariki kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo huipata kasi hiyo bure. Ndivyo ilivyorushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini, ikaenda kuchunguza eksirei za angani.

Jumamosi 10 Januari

Leo Mshtarii iko mkabala na jua: jua linapotua, yenyewe inachomoza. Sisi tuko njia ya ndani na tuna mwendo zaidi, kwa hiyo tunaipita, nayo inaonekana kurudi nyuma kati ya nyota za Mapacha. Nitachora mahali ilipo kila wiki hadi Machi, itakapoonekana kusimama, kisha ianze tena kuelekea mashariki.